Nadharia ya Jasho

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye nimearifiwa sasa hivi kwamba hatafika; ndugu mwenyekiti wa kamati ya maandalizi; mabibi na mabwana; nanyi watoto mliokalia ukingo wa dirisha na kuniziba upepo: itifaki imezingatiwa. Kwa kuwa mgeni rasmi hayupo, naomba katibu aandike kwamba mgeni rasmi ni mimi.

Nijitambulishe, ingawa sioni sababu. Mimi ni Profesa. Cheo hiki nilijitunuku mwenyewe baada ya kuvisubiri vyuo vikuu kwa miaka thelathini bila kupata hata barua ya kunikataa. Fani yangu ni Athari za Televisheni ya Awali katika Jamii na Siasa za Marekani, na katika fani hiyo sina mpinzani kuanzia ukumbini hapa mpaka kituo cha daladala. Atatokea mtu aulize: Profesa, Marekani ulifika lini? Sijafika. Daktari wa kifua kikuu naye halazimiki kukohoa damu ndipo aaminiwe.

Mwingine atasema mimi ni mzaliwa wa Tanzania Bara, ambako televisheni haikuanza mpaka 1994, ilhali ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa wakitazama picha za rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Naam! Hiyo ndiyo sifa yangu kuu. Mmarekani amelelewa na televisheni, amenyonya kwake, na hakuna mtu anayeweza kutoa ushahidi wa haki juu ya mama yake mzazi. Mimi mama huyo nilimkuta ameshazeeka, nikamfungua mgongo kwa bisibisi. Miaka ishirini nimetengeneza televisheni za chogo. Chenga za kila kabila nimeziona. Mtu aliyepigwa shoti na chogo la inchi 21 lililochomolewa ukutani tangu jana yake hana la kufundishwa na watu wa vitabu.

Sasa nadharia. Wasomi wote walionitangulia walitazama uso wa mwanasiasa. Mimi peke yangu nimetazama kinachotoka usoni. Marshall McLuhan, ambaye mwaka 1964 aliandika kwamba chombo chenyewe ndicho ujumbe, alikaribia kunifikia. Lakini alikuwa Mkanada, na mtu aliyekulia kwenye theluji atayajulia wapi mambo ya jasho? Nasema hivi, na katibu aandike: televisheni ya awali haikubadilisha fikra za Wamarekani. Iliwachukua wakubwa wao, ikawaweka chini ya taa kali, ikawaacha watoke jasho, kisha ikawaita wadogo waje watazame. Nani kalowa, nani mkavu: hapo ndipo ilipohamia dola ya Marekani baina ya 1947 na 1960 na ushei.

Nasubiri makofi. Ahsanteni. Nitayaomba tena mbele.

Jasho lenyewe lilianzia shambani. Huko Rigby, jimbo la Idaho, kijana wa miaka 14 aitwaye Philo Farnsworth alikuwa akilima shamba la viazi. Alipotazama mistari iliyoachwa na jembe, mstari baada ya mstari, akawaza kwamba picha nayo inaweza kulimwa vivyo hivyo: ikatwe mistari, ipelekwe mbali, ipangwe upya. Tarehe 7 Septemba 1927, mjini San Francisco, akiwa na miaka 21, alifanikiwa kurusha picha yake ya kwanza ya kielektroniki. Picha ya nini? Ya mstari mmoja. Mkulima ni mkulima tu. Baadaye ikaja kesi ndefu na kampuni ya RCA, mpaka 1939 RCA ikakubali kumlipa. Mwaka 1957 alialikwa kwenye kipindi cha mafumbo cha televisheni, ambamo watu maarufu walitakiwa kukisia siri yake. Wakashindwa. Baba wa chombo kakaa ndani ya chombo chake, na hakuna aliyemjua! Akapewa dola 80 na katoni ya sigara, akarudi nyumbani. Mkiona nimelipwa soda moja kwa mhadhara huu, msinihurumie, tuko wengi.

Tuje kwenye siasa. Hotuba ya kwanza ya televisheni kutoka Ikulu ya Marekani ilitolewa tarehe 5 Oktoba 1947 na Rais Harry Truman. Taifa lililokuwa limeshinda vita kuu, lenye bomu ambalo hakuna mwingine aliyekuwa nalo, linapata mdomo mpya wa kusemea, na neno la kwanza linalotoka ni hili: Jumanne msile nyama, Alhamisi msile kuku wala mayai. Kulikuwa na sababu, sikatai. Ulaya ilikuwa na njaa na nafaka ilihitajika kule. Lakini waliomwona Truman siku ile walikuwa wachache mno. Seti ya RCA ya mfano wa 630-TS, iliyotoka 1946, ilikuwa na kioo cha inchi 10, valvu 30, na bei ya dola 375. Valvu thelathini! Fundi mwenzangu aliyeko mlangoni anatikisa kichwa. Kasha lile lingeweza kukaanga mayai yale yale aliyoyakataza Rais.

Mwaka uliofuata vyama vilifanya mikutano yao mikuu Philadelphia, kwa kuwa huko ndiko waya wa televisheni wa miji ya pwani ya mashariki ulikopita. Zamani chama kilifuata wapiga kura. Sasa kikafuata waya. Basi fikirini Julai ya Philadelphia, ukumbi umejaa, na juu yao taa za kamera. Chama cha Democratic kilichelewa kwa ugomvi wake mpaka Truman akasimama kuhutubia saa nane usiku. Kabla yake, mama mmoja mjumbe akazindua kengele ya maua yenye njiwa wapatao hamsini waliofichwa ndani, ishara ya amani. Njiwa walikuwa wamekaa humo joto lote lile. Wakatoka kwa hasira, wakazunguka ukumbi, na mmoja akamwendea mwenyekiti wa mkutano, Sam Rayburn, aliyekuwa na kipara kizuri cha kutua. Wajumbe wakajifunika magazeti. Katikati ya vurugu ile, Truman alikuwa amevaa suti nyeupe ya kitani, mkavu, kana kwamba ndiyo kwanza ametoka kuoga. Novemba akashinda uchaguzi ambao magazeti yalikuwa yameshamtangaza mshindwa. Wanahistoria watawaeleza habari za wakulima na vyama vya wafanyakazi. Wacha waeleze. Mimi nimeitazama suti.

Habari za jamii nitazipitia haraka, maana jamii haitoki jasho, hukaa kwenye kochi. Mwaka 1950 kati ya nyumba mia za Marekani tisa tu zilikuwa na televisheni. Mwaka 1960 zilikaribia tisini. Katika miaka kumi nchi nzima iligeuza viti vyake. Zamani viti vya sebuleni vilitazamana, watu wakaonana. Sasa vikatazama ukuta mmoja kama watu wanaoswali. Kampuni ya Swanson ikatoa chakula kilichogandishwa, bata mzinga na viazi na njegere kwenye sinia la alumini lenye vyumba vitatu, ule huku unatazama. Hapo jamaa hawashiki tena sahani moja, wala mkono wa mtoto hauchapwi kwa kuchukua nyama kabla ya mkubwa. Sisi tulaao sinia moja tungepigana.

Na kipindi cha asubuhi cha NBC kilichoanza Januari 1952 kilikuwa kikisuasua, mpaka mwaka uliofuata walipomleta studioni sokwe mdogo aliyevalishwa nguo kama mtoto wa shule, jina lake J. Fred Muggs. Watazamaji wakafurika. Sokwe huyo alipojitokeza katikati ya matangazo ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth, Juni 1953, Waingereza walikasirika mno. Sisi wa nchi yenye Gombe tuna haki ya kuuliza kama kuna aliyemuuliza sokwe.

Lakini kisa cha Lucy siwezi kukiruka. Lucille Ball, mchekeshaji wa *I Love Lucy*, alipata mimba kweli, na wenye kipindi wakaamua mimba iingie kwenye mchezo. Tumbo lilionekana nchi nzima, ila neno lenyewe wenye stesheni walilikataza. Ilibidi isemwe kwamba "anatarajia". Anatarajia nini, mvua? Tarehe 19 Januari 1953 Lucy wa kwenye mchezo akajifungua, na siku hiyo hiyo Lucy wa kwenye nyama na damu naye akajifungua, kwa upasuaji uliopangwa. Watu wapatao milioni 44 walitazama. Kesho yake Jenerali Eisenhower, aliyeongoza majeshi kuvuka bahari mpaka Normandy, akaapishwa kuwa rais. Watazamaji milioni 29. Mkuu wa majeshi ya Ulaya kashindwa na kichanga, tena kichanga chenyewe hakijafungua macho! Nani kati yao alikuwa ametoka jasho la haki? Mama. Nadharia inasimama.

Sasa nikazeni masikio.

Mwaka 1950 Seneta Estes Kefauver wa Tennessee alianza kuzunguka miji akiwahoji majambazi wakubwa mbele ya kamati yake, na Machi 1951 akafika New York. Hapo akaletwa Frank Costello, ambaye mwanasheria wake aligoma: mteja wangu si sinema, uso wake usioneshwe. Kamati ikakubali. Mpiga picha, ambaye ningependa kumpa shahada ya heshima ya chuo changu siku kitakapojengwa, akateremsha kamera akaonesha mikono. Saa kwa saa, nchi nzima ikatazama mikono miwili isiyo na kichwa ikiminya leso, ikisugua vidole, ikishika gilasi ya maji na kuiachia. Sauti inasema sikumbuki, mikono inakumbuka. Hii naiita Kanuni ya Kwanza ya Jasho: ukiliziba usoni litatokea viganjani. Kina mama waliacha pasi zikiunguza nguo. Kefauver, aliyekuwa hajulikani nje ya jimbo lake, mwaka 1952 akamshinda Truman, rais aliye madarakani, katika kura za awali za New Hampshire. Mikono ya jambazi ilimfanyia kampeni bila malipo.

Sasa tunamleta shujaa wa mhadhara huu, Richard Nixon. Septemba 1952 alikuwa mgombea mwenza wa Eisenhower, na ikagundulika kwamba matajiri walimchangia mfuko wa dola 18,000. Chama kikataka kumtosa. Tarehe 23 akaketi mbele ya kamera kwa nusu saa, akataja madeni yake moja moja, akasema mkewe havai koti la manyoya ya thamani bali la kitambaa, na kwamba zawadi moja tu hatairudisha: mbwa mdogo mwenye madoa kutoka Texas, ambaye bintiye alimwita Checkers. Mtu anaulizwa habari za fedha, anajibu habari za mbwa! Simu za maandishi zikamiminika makao makuu ya chama: abaki, abaki. Akabaki. Usiku ule Nixon alijifunza kwamba televisheni ni rafiki yake. Kumbukeni maneno hayo; nitayadai tutakapofika Chicago.

Mwaka huo huo Eisenhower alirekodiwa matangazo ya sekunde 20, raia anauliza, jenerali anajibu, na aliyeyabuni ni Rosser Reeves, mtu aliyekuwa amezoea kuuza vidonge vya kichwa. Majibu yalirekodiwa kwanza, wauliza maswali wakatafutwa baadaye. Mpinzani wake, Adlai Stevenson, akaona ni aibu kumuuza rais kama sabuni. Yeye alinunua nusu saa nzima, akazungumza kwa hoja, akapitiliza, wakamkata katikati ya sentensi. Mimi niko upande wa Stevenson. Mtu mwenye fikra kubwa habanwi na saa. Ndugu mwenyekiti, nimekuona ukitazama ya kwako.

Juu ya Seneta Joseph McCarthy nitasema machache, kwa kuwa wengine wameyasema mengi na vibaya. Kwa miaka minne alitisha nchi akidai wakomunisti wamejaa serikalini. Mwanahabari Edward R. Murrow alimwanika Machi 1954 kwa kumwonesha tu akiongea. Kisha kuanzia Aprili mpaka Juni, kikaja kikao cha Seneti kati yake na Jeshi, siku 36 za ushahidi, na stesheni za ABC ziliutangaza mwanzo mpaka mwisho kwa sababu ABC ilikuwa maskini, haina vipindi vya mchana vya kupoteza. Umaskini nao una thawabu zake. Chini ya taa, siku nenda siku rudi, watu waliona ndevu za mchana, paji linalometa, kicheko cha mtu asiyecheka. Alipomchafua kijana mmoja mwanasheria asiyekuwepo ukumbini, wakili wa Jeshi, Joseph Welch, kwa sauti ya upole akamuuliza kama hana hata chembe ya haya iliyobaki. Ukumbi ukapiga makofi. Januari mwaka ule nusu ya waliohojiwa na Gallup walikuwa wakimkubali. Juni ikabaki thuluthi hivi. Desemba Seneti ikamkaripia kwa kura 67 dhidi ya 22. Hakuna hoja mpya iliyotolewa. Walimtazama kwa karibu, basi.

Lakini ninyi ni watu wajanja, na najua kuna anayejiuliza: Profesa, je, jasho haliwezi kughushiwa? Swali zuri. Nimejiuliza mwenyewe.

Mwaka 1956 kulikuwa na kipindi cha maswali na fedha, *Twenty-One*. Washindani wawili husimama ndani ya vibanda vya kioo, hawasikiani, wanasumbuka kutafuta jibu. Mmoja alikuwa Herb Stempel, mtu wa Queens, mwenye kumbukumbu ya ajabu na miwani mizito. Mtayarishaji Dan Enright alimpa majibu kabla, lakini majibu yalikuwa sehemu ndogo ya kazi. Alimvalisha suti kubwa isiyomkaa. Akamkata nywele vibaya. Akamfundisha lini apumue kwa nguvu, lini aume mdomo. Na ndani ya kibanda hewa ya baridi ikazimwa. Simameni kwa heshima ya kisayansi: ikazimwa makusudi, ili atoke jasho! Kisha akaelekezwa jinsi ya kulikausha: asipanguse, aguseguse taratibu kwa leso, ili matone yabaki yaonekane. Nimefanya kazi na mafundi wa kila namna, lakini fundi wa jasho sijapata kumwona.

Watazamaji walipomchoka, akaambiwa ashindwe. Tena ashindwe kwa swali rahisi: filamu iliyoshinda tuzo kubwa ya Oscar ya mwaka 1955. Ilikuwa *Marty*, filamu aliyoipenda na kuitazama zaidi ya mara moja. Akatakiwa aseme *On the Waterfront*. Akasema. Aliyepishwa alikuwa Charles Van Doren, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Columbia, kijana mzuri wa ukoo wa waandishi, ambaye naye alipewa majibu na kufundishwa kusumbuka. Akavuna dola 129,000, picha yake ikatoka kwenye jalada la *Time*, na wazazi wakawaambia watoto wao wawe kama yeye. Stempel akasema ukweli, akaonekana ana wivu. Mpaka Novemba 1959 Van Doren mwenyewe alipokiri mbele ya kamati ya Bunge. Nchi ikalia kama imefiwa.

Mnaona uzito wa jambo? Watu wale hawakulia kwa sababu ya fedha. Fedha haikuwa yao. Walilia kwa sababu waliamini jasho. Mtu anaweza kusema uongo, mwanasheria anaweza kusema uongo, seneta ndiyo kazi yake, lakini tone linaloteremka kwenye paji wamelichukulia kuwa shahidi asiyehongeka. Na kumbe lilihongwa kwa swichi ya ukutani.

Basi tushike njia twende Chicago. Nani ana maji? Ahsante, binti. Ya moto, lakini ahsante.

Tarehe 26 Septemba 1960, studio ya CBS, Chicago. Mdahalo wa kwanza wa televisheni wa wagombea urais. Nixon, yule aliyejua kwamba televisheni ni rafiki yake, alikuwa ametoka kulazwa hospitali kwa goti lililoingia vijidudu baada ya kuligonga kwenye mlango wa gari. Alikuwa amekonda mpaka kola ya shati inamcheza. Alipofika studio, akashuka garini, akaligonga goti lile lile. Mpinzani wake, John Kennedy, alikuwa amekwiva kwa jua la kampeni za California. Mtayarishaji, Don Hewitt, akauliza nani anahitaji kupakwa poda. Kennedy akasema hapana. Nixon akasikia, naye akasema hapana. Ngozi ya Nixon ilikuwa nyembamba, hata akinyoa dakika hiyo kivuli cha ndevu kinabaki. Wasaidizi wakampaka poda ya dukani ya kuficha ndevu. Taa zikawaka. Poda na jasho, akina mama mnaijua ndoa hiyo. Suti yake ya kijivu ikamezwa na ukuta wa kijivu, ikabaki sura tupu inayomeremeta mdomo wa juu, na leso ikipita. Watu wapatao milioni 70 walitazama. Walichosema wawili wale juu ya kilimo na elimu hakuna anayekikumbuka. Mdomo wa juu wa Nixon uko kwenye vitabu vya shule.

Na sasa ushahidi ambao wasomi wenzangu huutaja kwa mzaha, wakati mimi ningeutundika ukutani kwa fremu. Mdahalo wa pili, tarehe 7 Oktoba, Washington. Watu wa Kennedy walipoingia studio wakakuta baridi ya kuhifadhia nyama. Watu wa Nixon walikuwa wameteremsha joto makusudi. Msaidizi wa Kennedy akakimbia chini kwenye chumba cha mitambo, akamkuta mtu wa Nixon analinda kidhibiti joto. Akatishia kuita polisi mpaka joto likapandishwa kidogo. Wagombea wawili wa kiti kikubwa kuliko vyote duniani, Warusi wana makombora, Kuba imewaka moto, Afrika inajikomboa nchi baada ya nchi, na vita vyao viko kwenye swichi ya hewa! Kennedy akashinda Novemba kwa tofauti isiyofika kura 120,000 kati ya zaidi ya milioni 68. Gawanyeni wenyewe mtazame kama haitoshei kwenye leso moja.

Nani ananyoosha mkono huko? Ndiyo, binti wa maji. Anasema, nirudie kwa faida ya wote: Profesa, hadithi kwamba waliosikiliza redioni walimpa Nixon ushindi na waliotazama wakampa Kennedy inategemea kura ya maoni ya kampuni moja, iliyohoji wasikilizaji wa redio wasiofika mia tatu, na wasikilizaji wa redio mwaka ule wengi walikuwa wa mashambani, ambako Nixon alipendwa tangu zamani na Mkatoliki kama Kennedy hakuaminiwa. Kwa hiyo huenda macho hayakuamua chochote.

Binti yangu, unasoma chuo gani? Basi. Nimesikia. Kwanza, sikuitaja redio. Umenijibu jambo ambalo nilikuwa sijalisema bado. Nilikuwa nakaribia kulisema, lakini sijalisema. Pili, wanasiasa wenyewe waliamini. Baada ya 1960 hapakuwa na mdahalo mwingine wa wagombea urais mpaka 1976, miaka kumi na sita, na Nixon alipogombea tena 1968 alikataa katakata kusimama jukwaa moja na mpinzani mbele ya kamera. Kama jasho lile halikumpunguzia kura hata moja, lilimpunguzia ujasiri. Tatu, utabaki baada ya kikao unipe jina la huyo aliyeandika hayo.

Naendelea. Kuna jasho ambalo kamera haikulitaka. Nat King Cole, mwimbaji mweusi, sauti ambayo hata Mungu huenda huwasha redio kuisikiliza, alipewa kipindi chake na NBC kuanzia Novemba 1956. Wanamuziki wakubwa walikuja kuimba naye kwa malipo kiduchu ili kukiokoa. Kampuni kubwa za kitaifa zilikwepa kukidhamini. Walihofia wateja weupe wa kusini wangesusa bidhaa zao. Desemba 1957 kikafa. Hakutoka jasho hata tone, alivaa vizuri kuliko Kennedy, na nadharia yangu ingemtabiria urais.

Kisha Jumapili ya tarehe 7 Machi 1965. Usiku ule ABC ilikuwa ikionesha *Judgment at Nuremberg*, filamu ya kesi za majaji wa Wanazi, na watu wapatao milioni 48 walikuwa wametulia sebuleni. Filamu ikakatwa. Kwa dakika kama kumi na tano ikaoneshwa picha iliyopigwa mchana ule kwenye daraja la Edmund Pettus, mjini Selma, Alabama: watu wapatao 600, wengi weusi, wametembea wawili wawili kudai haki ya kupiga kura, na mbele yao askari wenye virungu, farasi na moshi wa kutoa machozi. John Lewis, kijana wa miaka 25 aliyekuwa mstari wa mbele, alivunjwa fuvu. Wapo watazamaji waliodhani ni sehemu ya filamu ile ile ya Wanazi. Siku nane baadaye Rais Johnson alisimama mbele ya Bunge kudai sheria ya haki hiyo, na tarehe 6 Agosti akaitia saini.

Hapa nilikuwa nimeandika sentensi ya Kanuni ya Pili ya Jasho, yenye mahali pa makofi. Naona niiruke. Watu wale walitoka jasho la kutembea. Hakuna aliyewapaka poda, hakuna aliyezima hewa, wala kamera haikuwaalika. Walijua iko pale, wakaenda hivyo hivyo na nguo zao za kanisani.

Ndugu mwenyekiti, naona umesimama. Namalizia. Kamati iliniahidi nauli ya kwenda na kurudi. Ya kuja nilijilipia, na sikusudii kulala hapa. Nawe kijana wa mstari wa mbele, uliyeniinulia simu tangu nianze, iteremshe kwanza nijifute uso, maana feni ya ukumbi huu ni ya picha tu. Ukiirusha mtandaoni, kata kipande cha yule binti. Anzia pale niliposimulia shoti ya chogo. Wakati huo nilikuwa bado mkavu.